Mvua ya Wundanyi na mfuko wa tende

Mvua ya Mombasa naijua. Nimezaliwa Mji wa Kale, upande wa Kibokoni, na tangu utotoni nimezoea mvua inayokuja kwa kishindo, ikapiga mabati, ikajaza vichochoro, kisha ikaenda zake na jua likakausha kila kitu kabla ya adhana ya alasiri. Ni mvua yenye joto. Ukirowa umerowa, hutetemeki, na ukifika nyumbani wabadilisha nguo yakaisha.

Mvua ya milima ya Taita haiendi zake. Inakaa. Asubuhi unafungua dirisha, hata pipa lililo uani hulioni kwa ukungu. Ukungu ukiinuka yanaanza manyunyu, manyunyu yakichoka inashuka mvua yenyewe, na magharibi ikiingia ukungu umesharudi. Humo ndimo nilimokaa Desemba iliyopita, likizo nzima, nikipanda na kushuka vilima kwa miguu pamoja na jamaa zangu ambao hawakuona kasoro yoyote katika hali hiyo.

Mtaani wakiniuliza ilikuwaje Taita, huwajibu "nzuri", nao hutosheka. Mimi sitosheki na jibu hilo. Uzuri ulikuwapo, tena mwingi. Lakini yalikuwapo pia mambo ambayo wapenzi wa kutembea wanapaswa kuyasikia kutoka kwetu sisi tunaowafuata.

Chanzo cha yote ni sukari ya Mjomba. Mjomba aliendesha kreni bandarini Kilindini mpaka alipostaafu. Kazi ya kreni ni ya kukaa: unapanda juu, unakaa kwenye kijumba cha vioo, unashuka zamu ikiisha. Alipostaafu akaendelea kukaa, sasa barazani, kahawa na halua zikimfuata papo hapo. Kisha ikamshika kiu isiyokatika, usiku akawa haishi kwenda msalani, na alipopimwa akaambiwa ana kisukari. Daktari akampa dawa, akamkataza halua, akamwambia atembee angalau nusu saa kila siku.

Wengi huambiwa hayo wakayaacha mlangoni mwa zahanati. Mjomba aliyashika kama mtu aliyerudishwa kazini. Alianzia Mama Ngina, alfajiri baada ya sala, kando ya bahari penye mibuyu, akienda na kurudi huku meli zikiingia kwenye bandari aliyoitumikia. Baadaye binti yake akawa anaandamana naye. Huyu binamu yangu ni mwalimu wa jiografia, na nyumbani sote twamwita Mwalimu, hata mama yake mzazi. Mwalimu alipoingia, matembezi yakawa na ramani. Mumewe akanunua viatu vya mlimani. Mamangu mdogo, ambaye nyonga humsumbua, akanunua fimbo mbili. Wakaenda Shimba Hills kuyaona maporomoko ya Sheldrick, wakarudi na kiu ya milima mirefu zaidi. Ndipo Taita ikatajwa.

Mimi ni fundi wa mabuibui, nakaa kwenye cherehani kutwa, na sijawahi kusikia mlima ukiniita. Nilikwenda kwa sababu Mjomba alitaka niwepo. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenilipia karo, na ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa fundi nijifunze kushona. Mtu kama huyo akikwambia "Mama, twende", unafunga mfuko.

Tulipanda Miritini, treni ya asubuhi inayosimama kila stesheni. Mariakani, Miasenyi, kisha Voi. Safari hiyo niliipenda kwa moyo wote. Mamangu mdogo alibeba mahamri na mbaazi, viazi vya karai, kachiri za muhogo na chupa kubwa ya chai ya tangawizi. Mjomba alikuwa na chakula chake kilichopimwa. Nje, nyika ya Tsavo ilikuwa imechipua kwa mvua za vuli, kijani juu ya udongo mwekundu, na tuliposhuka Voi jua lilikuwa likiwaka.

Matatu ya Wundanyi hupita Mwatate, kwenye mashamba ya mkonge, halafu huanza kupanda. Kona juu ya kona. Kila kona joto lilipungua, na katikati ya mlima dereva akawasha taa mchana, maana tulikuwa tumeingia ndani ya wingu. Mwalimu akatugeukia, uso umemkunjuka, akaanza kufundisha. Upepo unatoka Bahari ya Hindi, yaani kwetu, umebeba unyevu. Unapita nyika yote ile bila kuangusha kitu cha maana kwa kuwa ardhi ni tambarare. Ukifika hapa unakutana na ukuta, unalazimika kupanda, ukipanda unapoa, na ukipoa unatua mzigo wake. "Hii ni hewa ya Mombasa," akasema, "imetutangulia tu."

Maelezo hayo niliyapenda na nayapenda hadi leo. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu iitwayo Tao la Mashariki, ambayo huingia Tanzania ikapitia Pare na Usambara mpaka Udzungwa. Vipande vya misitu vilivyobaki juu kule vimeishi kwa unyevu huo miaka na miaka, vikiwa vimetengwa na nyika kavu pande zote, ndiyo maana kuna ndege na vinyonga na mimea isiyopatikana popote pengine duniani. Watoto wa Mwalimu walimpata kinyonga mmoja kwenye kichaka kando ya njia, dume, mwenye pembe mbili bapa zilizochomoza juu ya mdomo. Walimtazama bila kumgusa mpaka mvua ikawajaa kwenye kola, na sikuwasikia wakilalamika hata mara moja.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa nje kidogo ya mji wa Wundanyi, kwenye mteremko uliokatwa matuta, kabichi na sukuma juu, migomba chini. Mwenye nyumba, mama wa Kidawida, yaani Mtaita, wa makamo ya Mamangu mdogo, alikaa nyumba ya pili uani. Kitu cha kwanza kilichonigusa pale ni maji. Yalitiririka kila mahali: kwenye mfereji kando ya njia, chini ya daraja la magogo, kutoka kwenye mwamba nyuma ya choo. Kwetu, bomba likikauka, namngoja kijana wa mkokoteni aniletee mitungi ya lita 20, na kuna wiki nanunua maji kila siku. Nilisimama kwenye ule mfereji muda mrefu. Shemeji akasema haya ndiyo maji tunayokunywa Mombasa. Mjomba akamsahihisha: maji ya Mombasa hutoka Mzima, ambayo chemchemi zake hulishwa na mvua ya milima ya Chyulu na kuletwa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na mengine hutoka Marere huko Shimba Hills, Tiwi na Baricho. Haya ya hapa huteremka na Mto Voi kuelekea nyikani. Mjomba hupenda jambo lisemwe sawasawa.

Sasa niseme habari ya nguo, maana hapo nina ujuzi. Watu wa pwani tukisikia baridi hufikiria unene. Shemeji alikuja na suruali ya jinzi na fulana za pamba, moja juu ya nyingine. Pamba hunywa maji na haiyaachi. Jinzi ile ilirowa siku ya kwanza na haikupata kukauka mpaka tukarudi Mombasa, ingawa kila usiku tuliitundika karibu na jiko la makaa. Nida, ambayo ndiyo naishonea mabuibui, ni poliesta: nyuzi zake hazinywi maji, ukilikung'uta buibui na kulitundika penye hewa, asubuhi unalivaa. Kinachokutesa mlimani ni pindo. Pindo la mtaani hugusa kisigino. Kwenye tope la Wundanyi huokota udongo, udongo unashika maji, na kufikia saa nne waburuta mzigo unaokuvuta nyuma kila ukipanda.

Usiku wa kwanza nilikaa chini ya taa na sindano nikapandisha pindo la buibui langu, la Mamangu mdogo na la Mwalimu, mpaka juu ya kifundo cha mguu, tukavaa suruali ndani. Nikatia na vifungo kwa mbele chini ya goti ili upepo usilifungue. Mwanamke yeyote anayekwenda milimani na buibui namshauri afanye hivyo kabla hajatoka nyumbani. Kichwani avae mtandio mwepesi unaokauka upesi, na leso yake ya pamba aifunge ndani ya mfuko usiopitisha maji, aitoe jioni ajikaushie. Leso kavu wakati huo ni neema.

Hilo lilikuwa jambo ninaloweza kulitengeneza. Jambo nisiloweza kulitengeneza lilikuwa furaha ya wenzangu.

Nieleze taratibu, nisieleweke vibaya. Walikuwa wema. Walinibebea mfuko, walinishika mkono penye utelezi. Lakini kila baada ya muda mmoja wao aligeuka, maji yakimchuruzika puani, akaniuliza, "Si raha?" Swali hilo lina jibu moja tu. Ukisema "raha", umesema uongo. Ukisema "hapana", umewaharibia wote. Basi nilikuwa nikitabasamu. Nilitabasamu kupanda kilima, nikatabasamu kushuka, na jioni nilikuwa nimechoka kwa tabasamu kuliko kwa miguu. Nadhani wenye shauku hawajui jinsi wanavyotudai. Mwili wangu nilikuwa nimekubali kuutoa: nitatembea, nitarowa, nitakula mkate umelowana. Wao walitaka na moyo wangu urukeruke pamoja na yao, saa hiyo hiyo, mvuani.

Halafu ikaja siku ya Vuria.

Vuria ndio mlima mrefu kuliko wote wa Taita, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na juu yake kuna minara ya mawasiliano. Mpango wa Mwalimu ulikuwa tufike kileleni adhuhuri tule huko, tukitazama chini. Lakini usiku mvua ilikuwa kubwa, njia ilikuwa tope tupu, na kila penye mteremko tulipita mmoja mmoja. Saa sita ikatukuta mbali na kilele. Saa saba vilevile. Mwalimu alikuwa mbele na wanawe, na kila tukiuliza tunajibiwa "bado kidogo tu, tutakula juu". Sauti yake ilijaa raha na aliamini alichokisema.

Mimi nilikuwa nyuma na Mjomba. Mwanzoni alikuwa akinionyesha mashamba, huku akisimulia jinsi mboga za Wundanyi zinavyoteremshwa kwa malori mpaka soko la Kongowea, Mombasa. Baadaye akanyamaza. Nikamuuliza kitu, hakujibu. Nikauliza tena, akanijibu kwa ukali, na Mjomba hana ukali. Nikamtazama. Sote tulikuwa tumerowa, lakini kwenye paji la uso wake yalikuwa matone yasiyo ya mvua. Baridi ile, na anatoka jasho. Mkono ulioshika fimbo ulikuwa ukitetemeka.

Haya nilikuwa nimeyasoma kwenye kijikaratasi alichopewa kliniki, nikayasoma tena kabla ya safari. Watu wengi wanajua hatari ya sukari kupanda. Kushuka nako kuna hatari, tena ya haraka. Baadhi ya dawa za kisukari huendelea kuteremsha sukari hata kama hujala, na ukitembea kwa nguvu saa nyingi misuli nayo inakula iliyobaki. Dalili ni hizo: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira isiyo na sababu. Ukiachwa hivyo unaweza kuzimia. Mtu huyo hahitaji kupumzika tu wala kupewa maji matupu; anahitaji sukari, papo hapo, maadamu anaweza kumeza.

"Mjomba, kaa kitako," nikamwambia. Akakataa, akasema tunawachelewesha wenzetu. Nikamshika bega nikamkalisha kwenye mzizi. Kwenye mfuko wangu nilikuwa na glukosi na tende; nilizibeba tangu nyumbani kwa ajili ya jambo hili hili. Nikakoroga glukosi kwenye kikombe cha plastiki, akanywa. Kisha nikapiga ukelele kuwaita. Kwenye ukungu sikuwaona, nikasikia sauti ya Mwalimu ikirudi: "Njooni, tumekaribia!" Nikaita tena, safari hii kwa sauti niliyokuwa sijaitumia tangu Voi, nikasema washuke wote, sasa hivi.

Walishuka mbio. Shemeji akatandaza turubai juu ya vichaka, tukajibanza chini yake, watoto katikati. Tulingoja robo saa kama kijikaratasi kinavyoelekeza, tukampima kwa kile kimashine chake. Ilikuwa inapanda. Jasho likakauka, mkono ukatulia. Akala tende, kisha mkate na mayai, nasi tukala, pale pale ubavuni mwa mlima mvua ikigonga turubai. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mwalimu alikuwa ameshika mguu wa baba yake kwa mikono miwili.

Mjomba mwenyewe ndiye aliyesema twende juu. Tulibishana. Akapimwa tena, ikawa sawa, na akasema amekula, amepumzika, na kilele ki pale. Tukaenda kwa mwendo wake, yeye mbele, sisi sote nyuma yake. Kileleni hapakuonekana kitu. Minara ilipotelea juu kwenye weupe, na chini weupe vilevile. Mjomba akasimama akatuonyesha kwa kidole: magharibi kule, Kilimanjaro; huku chini Tsavo; huku nyuma, mashariki, bahari yetu, ambayo jicho haliifiki. Alizungumza kwa utulivu kama anayeviona vyote. Nilimsikiliza na macho yakanijaa. Nilikuwa na baridi kali na nilikuwa na furaha ya kumuona amesimama.

Usiku ule, baada ya isha, nilisema. Nilikuwa nimejipanga, kwa hiyo niliyasema kwa upole. Niliwaambia kwamba sipendi kutembea mvuani, sijapenda tangu siku ya kwanza, na kwamba nimekuja kwa ajili ya Mjomba na nitakuja tena akiniita. Lakini kesho sitatoka. Na niliwaambia kwamba mahali ambapo watu wote wanalazimika kuona raha, hakuna anayethubutu kusema amechoka, hata mgonjwa. Mjomba alinyamaza kule mlimani kwa sababu hakutaka kuwakatisha. Mimi nilitabasamu kwa sababu hiyo hiyo.

Mwalimu aliumia, nilimuona. "Tumekuja pamoja," akasema. "Nilidhani ukinyamaza umeridhika."

"Mwache akae, mwanangu," Mjomba akamwambia. "Nami kweli nilichoka leo. Nilitaka kusema mapema."

Mamangu mdogo naye akasema nyonga inamuuma na angependa siku moja ya kukaa. Tuligundua kwamba nusu ya nyumba ilikuwa ikijikaza.

Siku iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa mapenzi zaidi. Mjomba, Mwalimu, Shemeji na watoto walikwenda msitu wa Ngangao na kijana wa kijijini anayewaongoza wageni. Nilimkabidhi Mwalimu mfuko wa tende na glukosi mkononi mwake, na saa za kula nikaziandika kwenye karatasi. Mimi na Mamangu mdogo tulibaki jikoni kwa mwenye nyumba. Alikuwa akipika kimanga: muhogo na maharage vilivyochemshwa mpaka vikalainika, vikapondwa pamoja kwa mwiko mzito. Mamangu mdogo akaomba ajaribu kuponda, akagundua ni kazi ya mabega hasa. Yeye naye akamwonyesha mwenye nyumba tunavyounga mbaazi kwa tui. Nazi tulikuja nayo kutoka Mombasa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi na mvua ilikuwa ikinyesha nje. Kutoka pale nilipokaa, kavu, kikombe cha chai mkononi, niliiona vizuri kwa mara ya kwanza: inavyoshuka bondeni kwa mapazia, moja baada ya jingine, inavyoacha tuta hili na kushika lile. Ni mvua nzuri sana ukiwa huna haja ya kuipita.

Mwenye nyumba alituambia habari za bei. Kabichi ikiwa nyingi Wundanyi, na barabara imeharibiwa na mvua, mnunuzi hutaja bei atakayo kwa sababu anajua haitangoja. Huku kwetu Kongowea tunaiona kabichi hiyo hiyo na kulalamika ni ghali. Alitaka kujua twaiuziwaje, na tulipomtajia alinyamaza, akaendelea kuchochea moto.

Walirudi alasiri, wamerowa, macho yanang'aa. Nilikuwa nimewatilia maji ya moto kwenye ndoo, leso kavu zimepangwa, na uji uko mekoni. Wakasimulia wote kwa pamoja. Msituni hata mvua ikikatika miti huendelea kudondosha maji. Waliona siafu wakivuka njia wakawaruka. Na walimuona yule ndege wa Taita wanayemtafuta wageni, aitwaye kwa Kiingereza Taita thrush: kichwa cheusi, tumbo jeupe, ubavu wa kahawia nyekundu, mdomo wa rangi ya chungwa, akipekua majani yaliyooza chini. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya vilima hivi, na misitu hiyo ni midogo kiasi kwamba kila mti unaokatwa ni hasara kwake. Mtoto mdogo wa Mwalimu alimuigiza anavyorukaruka na kusimama. Niliwauliza maswali mengi, na yote nilitaka kweli kujua majibu yake. Hakuna aliyeniuliza kama ni raha. Walikula saa sita juu ya alama, Mwalimu akaniambia, akinirudishia mfuko.

Tangu hapo mambo yalikwenda vizuri zaidi. Kila usiku kila mtu alisema anachotaka kesho yake, na hakuna aliyenuniwa. Nilitoka nao tena, mara nyingine kwa hiari yangu mpaka mtoni na kurudi, mara nyingine sikutoka. Mvua haikupungua hata kidogo. Asubuhi Mjomba alipima sukari, ilikuwa nzuri kuliko ilivyokuwa mwaka mzima, akaandika kwenye daftari lake dogo la jalada la bluu.

Sasa Mwalimu anataja Kasigau, na amekwisha leta ramani. Ni mlima uliosimama peke yake nyikani, zaidi ya mita 1,600, wenye mwinuko mkali, na juu yake kuna msitu wa ukungu. Mimi nimeanza kushona makoti ya mvua ya kujitupia, kitambaa nimenunua Mtaa wa Biashara, kile kinachofunikiwa mikokoteni, mishono nimeiziba kwa nta. La Mjomba nimelitia mfuko wa ndani upande wa kulia, unaofunguka kwa mkono mmoja, upana wa kuingia pakiti ya glukosi na tende saba. Kwenda nitakwenda. Nimewaambia kuna siku nitapanda na kuna siku nitabaki chini kijijini, na kwamba chakula ni saa sita, popote itakapotukuta.